Sakafu kwanza, viti baadaye: mhadhara kuhusu uwanja mkubwa wa ndani jijini Dodoma

Ndugu zangu, watu wakizungumzia uwanja wa ndani wa makao makuu, swali la kwanza huwa: utaingiza watu wangapi? Kigali wamejenga wa watu 10,000, uliofunguliwa mwaka 2019, na wengi wetu tunatamani kama ule. Naomba hesabu ya viti isubiri. Tuanze na sakafu, kwa sababu ndiyo inayoamua kama jengo litafanya kazi nyingi kweli au litaitwa hivyo tu.

Mpira wa kikapu unataka mita 28 kwa 15. Netiboli 30.5 kwa 15.25. Wavu 18 kwa 9. Mpira wa mikono 40 kwa 20, na huu ndio unaotoa kipimo. Ukiongeza nafasi za usalama, benchi na meza ya waamuzi, tenga sakafu wazi isiyopungua mita 45 kwa 25. Mkipima kwa kikapu peke yake, netiboli itachezwa huku wachezaji wakigonga viti, na huo ni mchezo ambao wasichana wetu wanaucheza tangu shule ya msingi. Safu za mbele za viti ziwe za kukunja na kusukuma nyuma, ili siku ya kikapu mashabiki wasogee karibu.

Sasa mbao. Dodoma hukaa kavu tangu Mei hadi Novemba, kisha mvua zinaingia. Ubao husinyaa kiangazi na kuvimba masika. Ukiubana hadi ukutani, masika utainuka katikati kama mgongo wa ngamia, na hapo mara nyingi hakuna ukarabati, ni kung'oa. Kwa hiyo: zege likauke kabisa, itandazwe nailoni nzito, mbao zikae ndani ya ukumbi ambao paa na milango vimeshafungwa, zipimwe unyevu kwa kipimo, ndipo zipigiliwe. Pembeni mwachie mwanya, mfunike kwa ubao wa ukutani. Na vumbi letu hili jekundu lisidharauliwe: chini ya kiatu cha mchezaji ni msasa unaokula vanishi, tena linateleza. Wekeni mazulia ya kufutia miguu yenye urefu wa hatua kadhaa katika kila mlango.

Sauti ndipo kumbi nyingi zinapoharibikia. Chukueni ukumbi wa mita 70 kwa 50, kimo mita 15: ujazo wake ni mita za ujazo 52,500. Kwa kanuni ya Sabine, zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Kuta za zege na bati tupu zikimeza sawa na mita za mraba 1,200, mwangwi utadumu sekunde 7. Katika sekunde 7 hotuba haisikiki, na ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo unageuka mngurumo mmoja, mdundo haujulikani ulipoanzia. Mkitaka sekunde 2, mnahitaji mita za mraba zipatazo 4,200. Ukumbi huo ukiwa na watazamaji 5,000, miili yao itawapa kama mita 2,500. Zilizobaki zitoke darini, kwenye paneli za pamba ya glasi zilizofunikwa kwa bati lenye matundu. Paneli hizo hizo hupunguza kelele za mvua, na mvua ya Dodoma ikinyesha juu ya bati mnaijua. Kuzibandika baada ya jengo kuisha ni gharama kubwa zaidi, kwa kuwa jukwaa la mafundi lazima lisimame juu ya sakafu mpya.

Wahandisi wa paa wahesabu pia spika na taa za matamasha zitakazoning'inia. Wasipofanya hivyo, waandaaji watasimamisha minara ya vyuma sakafuni na kuziba viti.

Hewa: watu 5,000 waliokaa hutoa joto la takriban kilowati 500. Kupoza kwa maji yanayogeuka mvuke hufaa katika hewa kavu kama yetu, lakini kuondoa joto hilo hula zaidi ya lita 700 kwa saa, katika jiji linalotegemea visima vya Makutupora. Tangi la mvua lijengwe pamoja na msingi.

Nimebakiza milango. Mwongozo wa viwanja wa Uingereza unahesabu watu 66 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa ngazi, na dakika 8 kuwa kikomo cha juu kabisa cha watu kutoka. Watu 5,000 wanataka mita 9.5. Lakini hesabuni kana kwamba njia moja imezibwa na moto: ngazi nne za mita 3.2, ikipotea moja zinabaki 9.6. Milango ifunguke kuelekea nje, kwa kusukuma tu. Mwandaaji anayeogopa wasio na tiketi aweke walinzi. Mnyororo usiguse mlango hata mmoja watu wakiwa ndani.