Kura Moja kwa Kila Mshiriki: Kugawa Makundi ya Maswali kwa Nasibu katika Dodoso la Mtandaoni

Assalamu alaykum. Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu na maofisa mliotoka wilaya zote nne za Pemba kuja hapa Chake Chake, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mada yangu ni ya kiufundi, lakini imezaliwa na tatizo ambalo kila aliyewahi kuandaa dodoso hapa kwetu analijua. Idara moja inataka kuuliza juu ya maji, nyengine juu ya usafiri, nyengine juu ya ajira za vijana, na kwa kuwa fedha za utafiti ni chache, wote wanabanana katika dodoso moja. Maswali yakishafika sabiini au themanini, mtu anayejaza kwa simu, naye yumo ndani ya daladala baina ya Wete na Chake huku akilihesabia bando lake, huanza kubonyeza jibu lolote lililo karibu na kidole, au hufunga ukurasa akaendelea na mambo yake.

Dawa ya tatizo hili ni kutomuuliza kila mtu kila kitu. Maswali machache ya msingi, yaani umri, jinsia, wilaya na kazi, huulizwa wote. Yaliyobaki hugawanywa katika makundi, na kila mshiriki huonyeshwa baadhi tu ya makundi hayo, yaliyochaguliwa na kompyuta kwa nasibu, kama kura ya kuokota vikaratasi. Fikra hii si ngeni. Mwaka 1995 Trivellore Raghunathan na James Grizzle walichapisha makala iliyoeleza namna ya kuligawa dodoso refu vipande vipande bila ya kupoteza uwezo wa kulichambua lote kwa pamoja. Utafiti wa kimataifa wa PISA, unaopima wanafunzi wa umri wa miaka 15, ulitumia dodoso la wanafunzi la mzunguko wa namna hiyo mwaka 2012, kisha mwaka 2015 ukarudi kwenye dodoso moja kwa wote. Kurudi huko kunatosha kutuonyesha kwamba njia hii ina gharama zake.

Tuanze na gharama ya hesabu. Tuchukue makundi sita ya maswali, kila mtu aonyeshwe mawili, na washiriki wawe 1,200. Kila kundi litajibiwa na watu wapatao 400. Hata kama sampuli yetu, yaani watu tuliowauliza kwa niaba ya wengine, imechaguliwa kwa nasibu, asilimia inayokaribia hamsini itakuwa na ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho jibu letu linaweza kupishana na hali halisi, wa takriban asilimia 5 juu na chini, ilhali watu wote 1,200 wangetupa chini ya asilimia 3. Kwa Zanzibar nzima hilo linavumilika. Lakini mkubwa wa ofisi akitaka matokeo ya kila wilaya, watu 400 wakigawika sawasawa katika wilaya 11 ni 36 kwa wilaya, na ukingo unafika asilimia 16. Kwa maoni yangu, mtaalamu anayekubali kuchapisha jadweli la namna hiyo amefanya kosa kubwa kuliko aliyelitaka.

Makundi sita yakichukuliwa mawili mawili hutoa jozi 15. Jozi zote ziingie katika kura, kwa sababu kama kundi la maji na kundi la afya hayakuwahi kuonyeshwa pamoja kwa mtu mmoja, hakuna hesabu ya moja kwa moja itakayotwambia iwapo wenye shida ya maji ndio pia wenye kuugua mara kwa mara. Kwa watu 1,200, kila jozi itapata watu 80 hivi. Nasema "hivi" kwa kuwa nasibu haigawi sawasawa: mkiwagawa watu 300 katika mafungu matatu kwa nasibu tupu, fungu moja kupata 90 na jingine 110 ni jambo la kawaida kabisa, wala si dalili ya kompyuta kuharibika. Anayetaka mafungu yakaribiane zaidi aandae orodha ya jozi zote 15, aichanganye, aigawe mpaka iishe, kisha aanze orodha mpya, na aweke orodha ya Unguja mbali na ya Pemba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa nilivyoona, huharibu madodoso mengi kuliko yote niliyoyataja. Kwenye upatu, kila mwanachama huokota kikaratasi chake siku ya kwanza, zamu yake ikaandikwa daftarini, na hakuna anayerudi mwezi wa pili kuokota tena. Kura ya dodoso nayo iwe hivyo hivyo. Programu nyingi hukokotoa upya fomula zake kila ukurasa unapofunguliwa, kwa hiyo ukiiambia tu "chagua nambari baina ya 1 na 15", yaani nambari moja kwa kila jozi, mshiriki aliyepangiwa maji na ajira akirudi nyuma kusahihisha umri wake, au mtandao ukimkatikia akaingia tena, anaweza kujikuta yumo katika usafiri na afya, na majibu yake ya mwanzo yakabaki yakielea bila ya mwenyewe.

Kwa anayetumia LimeSurvey, programu ya kutengenezea madodoso ya mtandaoni, njia ni kuweka swali la fomula lililofichwa, mwanzo kabisa wa dodoso, na kuliagiza hivi: ikiwa sehemu hii ni tupu, chagua nambari, ikiwa ina nambari tayari, iache kama ilivyo. Kisha kila kundi la maswali liwekewe sharti la kuonekana linaloitazama nambari hiyo. Mule mule ndani ya LimeSurvey mna uwezo wa kuyachanganya makundi kwa nasibu, lakini huo hubadilisha mpangilio tu. Mshiriki bado ataonyeshwa makundi yote, na wengi huuwasha wakidhani wamemaliza kazi. Katika fomu za ODK na KoboToolbox, programu nyengine za kukusanyia majibu, ipo amri maalumu ya kuifanya nambari ya nasibu itolewe mara moja tu.

Nambari hiyo ihifadhiwe pamoja na majibu, kwa sababu bila yake chumba kitupu katika jadweli hakina maana moja. Mtu anaweza kuwa hakupangiwa swali, alipangiwa akaliruka, aliondoka kabla ya kulifikia, au halimhusu. Tuseme washiriki ni 300, kundi la maji limepangiwa 100, waliolijibu swali la mfereji ni 90, na waliosema maji hutoka kila siku ni 54. Asilimia sahihi ya waliojibu ni 60. Anayegawa kwa 300 atapata 18, na ataandika ripoti ya kutisha juu ya hali ambayo haipo. Hao 10 waliopangiwa wasijibu nao watazamwe, kwani kundi linalouliza kipato huenda likawakimbiza watu wengi kuliko kundi la usafiri, na wanaobaki hawafanani tena na wote waliopangiwa kundi hilo kwa kura.

Suala la kutomhusu mtu huamuliwa kabla ya kura. Maswali ya kilimo cha mwani yanawahusu wanaolima mwani, basi swali la "Je, unalima mwani?" likae katika msingi, na kura ipigwe baina ya makundi yanayomfaa mhusika. Hilo likifanyika, uwezekano wa kila kundi kutokea hautakuwa sawa kwa watu wote, na mchambuzi atalazimika kuweka uzito, yaani kuyahesabu baadhi ya majibu zaidi au pungufu, unaolingana na uwezekano huo.

Naongeza neno juu ya mipaka. Kura hii inachagua maswali, haichagui watu. Kiungo kilichosambazwa katika makundi ya WhatsApp huwafikia wenye simu na bando, na hata ukiyapanga makundi ya maswali kwa ustadi wote, mama wa Micheweni asiyekuwa na simu bado hayumo katika majibu yako.

Kabla ya kutuma dodoso, lifungueni kwa simu ya kawaida, mjibu ukurasa wa kwanza, mzime data, mlifungue tena kwa kiungo kile kile, mrudi nyuma mara mbili au tatu. Kisha mwombe wenzenu walijaze kwa majibu ya majaribio, mpakue jadweli na mhesabu kila jozi imetokea mara ngapi. Kama kuna jozi isiyotokea kabisa baada ya majaribio mengi, au nambari ya mtu mmoja imebadilika njiani, dodoso lirudi kwa aliyelitengeneza, hata kama barua za mwaliko zimeshaandikwa na masheha wameshaarifiwa.