Kabla Hujashika Msasa

Mnaonijua mnajua nikizungumzia visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, nitaanzia wapi: kwenye msasa.

Mzee mmoja alinijia hapa Nairobi na jiwe ndani ya leso, limejikunja kama kata ya kubebea mtungi. Nyumbani kwake walikuwa wamebishana miaka: konokono, pembe ya kondoo, nyoka aliyegeuka jiwe. Naye, kwa mapenzi tu, alikuwa amelisugua upande mmoja na kulipaka vanishi hadi likang'aa kama sahani. Matuta yote yameisha!

Mtaniambia wauzaji wa visukuku nao husugua. Naam, fundi husugua kidogo ili michoro itokee, na anajua pa kuishia. Wewe unajua?

Bahati nzuri upande wa pili ulipona. Nikalowesha kidole, nikapitisha, nikamulika tochi kwa ubavuni. Mistari ikajitokeza, imechanikachanika kama majani ya dania. Ubishi ukaisha: amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza. Amonaiti walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mistari ile ni pale kuta za vyumba zilipoungana na gamba. Konokono hana vyumba hivyo. Nautilasi, ambaye yuko baharini hadi leo, anavyo, ila mistari yake ni mipindo laini, na mrija wake unaopita chumba hadi chumba hutoboa kuta katikati. Mrija wa amonaiti kwa kawaida hufuata ukingo wa nje.

"Mzee, uliliokota wapi?"

"Pwani, mwanangu."

Pwani wapi? Changamwe kuna mwamba wa tope wa enzi ya Jurasiki, zama za dinosaria, wenye amonaiti. Kambe kuna mawe ya chokaa yaliyotangulia huo kwa mamilioni ya miaka. Mzee alikumbuka rundo la mawe lililomwagwa na lori, basi. Jina nilimpa, umri nikashindwa. Iliniuma, na inaniuma bado.

Na msiniletee amonaiti "ya Kayole". Nairobi tumekalia mawe ya volkano. Hiyo imebebwa kutoka kwingine.

Naona naonyeshwa saa. Habari ya kuunga mawe kwa gundi tuiache. Sheria ya Makumbusho ya mwaka 2006 inataka utoe taarifa ya ulichookota, na useme mahali hasa, kwa hiyo piga picha jiwe likiwa bado ardhini, simu ikuandikie eneo.

Yule dada wa nyuma mwenye mfuko wa karatasi, njoo na jiwe lako hapa mezani. Usilifute vumbi.