Honi Haijui Kubisha Hodi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni ubabe barabarani: kubana gari la mbele, kuchomekea, kutanua pembeni ya foleni, kumulika watu taa kali. Nina karatasi yenye mambo matano ya kufanya, na safari hii tunayamaliza yote, maana Chande ameahidi kutokatiza.

CHANDE: Nimeahidi kujaribu.

ZUHURA: Mnamjua. Haya, la kwanza...

CHANDE: Kabla ya la kwanza. Jumanne nimepigiwa honi kwenye taa. Kijani hakijakolea, honi hiyo. Ndefu.

ZUHURA: Pole. Ulikuwa wa kwanza kwenye mstari?

CHANDE: Wa sita.

ZUHURA: (anacheka) Wa sita! Ulitakiwa upae, basi.

CHANDE: Wafafanulie, mimi wataniona nalalamika.

ZUHURA: Hesabu yake nyepesi. Taa ikiruhusu, kama sekunde mbili hupotea pale mwanzo: kuona, kuachia breki, gari kuanza kuondoka. Baada ya hapo, leni moja inayokwenda moja kwa moja hupitisha gari moja kila sekunde mbili hivi. Ndiyo maana wahandisi wa barabara huanzia kwenye magari 1,800 hivi kwa saa nzima ya kijani. Wa sita anavuka mstari kwenye sekunde ya 12 hadi ya 14. Honi ya wa saba haipunguzi hata moja kati ya hizo.

CHANDE: Lakini ujumbe umefika. Ujumbe gani sasa? Honi ina neno moja tu. "Angalia mtoto huyo," "ahsante," "shikamoo mzee," "taa imewaka," na tusi la nguoni, sauti ni ileile.

ZUHURA: Na neno lenyewe ni la kufoka. Honi ya umeme ni kiwambo cha chuma na sumaku. Umeme ukipita, sumaku inavuta kiwambo. Kikivutwa kinakata umeme, kinarudi kwake, umeme unaunga tena, mara 400 na ushee kwa sekunde. Haina pa kupunguzia. Ukiibonyeza kidogo unapata sauti fupi, si sauti ya chini. Simama mita 2 mbele yake, unapokea zaidi ya desibeli 100.

CHANDE: Kwa hiyo kunong'ona hakuna.

ZUHURA: Hakuna.

CHANDE: Basi mimi nataka kitufe cha pili kwenye usukani. Honi ya hodi. Sauti ya mtu anayekohoa mlangoni. Mstaarabu habishi hodi kwa teke, lakini ukikaa kwenye gari umepewa teke peke yake.

ZUHURA: Karatasi yangu, Chande.

CHANDE: Inakuja. Sheria yenyewe inasemaje?

ZUHURA: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki barabarani unaruhusu honi kwa ajili ya kuepusha ajali, na nje ya makazi kumtahadharisha dereva unayetaka kumpita. Na isivutwe kuliko inavyohitajika. "Harakisha" haimo.

CHANDE: Mwaka huohuo wa 1968 watafiti wawili Marekani walichapisha jaribio la honi. Gari linasimama kwenye taa, kijani kinawaka, dereva hasogei. Wanahesabu sekunde mpaka dereva wa nyuma apige honi. Mara walitumia gari jipya la kifahari, mara kuukuu. Kuukuu lilipigiwa upesi zaidi na mara nyingi zaidi.

ZUHURA: Na madereva wawili wa nyuma hawakuhangaika na honi. Waliligonga lile kuukuu bampa ya nyuma.

CHANDE: Hao ndio waliokosa honi ya hodi!

ZUHURA: Hapana, hao wangeibonyeza hodi yako mpaka ikaungua. Uzuri wa jaribio lile ni kwamba taa ilikuwa moja na kosa moja, kilichobadilika ni nani amekosea. Mpiga honi huyo kijani hakimhusu, anapima hadhi ya aliye mbele. Ukichomekea wewe, una sababu: umekosea leni, una haraka. Akichomekea mwenzio, hana adabu. Kioo kimekuficha uso wake, unabaki na bati, na bati haliombi msamaha.

CHANDE: Ndiyo naomba kitufe.

ZUHURA: La kwanza! Nafasi. Chagua alama mbele: nguzo, kivuli, kiraka cha lami. Mkia wa gari la mbele ukiipita, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukiifikia alama kabla ya kumaliza, umebana. Sekunde mbili ndiyo chini kabisa pakiwa pakavu, nne kwenye mvua. Kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo ni mita 50, na mvuani 100.

CHANDE: Aliyekuganda mgongoni yuko nusu sekunde. Mita 12 na nusu. Na tangu mtu aone hatari mpaka breki zianze kukamata, ni kama sekunde moja na nusu. Mita 37 zinakwenda bure.

ZUHURA: Kwa hiyo akikubana, unaongeza nafasi ya mbele yako. Ya nyuma si mali yako, ameishika yeye. Legeza mguu wa mafuta kidogokidogo mpaka zile sekunde mbili ziwe nne. Kukitokea jambo mbele, utafunga breki taratibu, kwa niaba ya watu wawili.

CHANDE: Na unagusa breki.

ZUHURA: Hapana.

CHANDE: Sikusema kufunga, nimesema kugusa. Swichi ya taa za breki iko kwenye pedali. Milimita chache za mwanzo, taa zinawaka kabla pedi hazijabana diski. Gari halipungui chochote, ila yeye anaona nyekundu. Hodi ndiyo hiyo, ilikuwepo siku zote!

ZUHURA: Nani amekuambia ataisikia kama hodi? Mwenye hasira akiona nyekundu anasoma "unanijaribu." Na asiye na hasira anakanyaga breki kweli, wa nyuma yake anakanyaga zaidi. Wajapani walichapisha jaribio mwaka 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, kila mmoja ameambiwa aende kilomita 30 kwa saa hivi. Hakuna taa, hakuna kona kali, hakuna ajali. Foleni ikazaliwa yenyewe na ikawa inarudi nyuma, gari hadi gari.

CHANDE: Wale walibanana. Gari moja kila mita 10 na nusu.

ZUHURA: Na wako yuko mita 12 na nusu. Endelea.

CHANDE: (kimya) Sawa, lakini sikiliza. Ukilegeza mafuta, injini inapunguza mwendo bila kuwasha taa yoyote. Unapungua mbele ya mtu aliye nusu sekunde nyuma yako, na hujamwambia. Huo ni mtego. Wengi wanaobana hata hawana hasira, akili iko kwenye simu. Wa namna hiyo nyekundu inamzindua.

ZUHURA: Ndiyo nikasema kidogokidogo. Kilomita 5 kwa saa ndani ya sekunde 10, hata aliyesinzia ataona gari linakua. Kisha mpe njia: indiketa, hamia leni ya pembeni, apite zake.

CHANDE: Kama ipo leni ya pembeni. Isipokuwepo?

ZUHURA: Unakwenda mwendo wako mpaka penye pa kupishia.

CHANDE: Huku umenyamaza.

ZUHURA: Huku nimenyamaza.

CHANDE: Mimi nagusa.

ZUHURA: Usiguse.

CHANDE: Mara moja, nikiwa sijapungua, na nikiwa na sekunde nne mbele yangu.

ZUHURA: Hata mara moja. Kesho ukichukia utaigusa kwa sentimita, na mguu wenyewe hautakuaga.

CHANDE: Hatuelewani hapa.

ZUHURA: Hatuelewani. Dakika ngapi zimebaki?

CHANDE: Mbili.

ZUHURA: Mbili! Nina mambo manne hapa! La pili lina mchoro.

CHANDE: Umeleta mchoro kwenye kipindi cha kusikiliza?

ZUHURA: Ni wa kupita lori, niwasomee tarakimu. Lori linakwenda 60, wewe 80. Nafasi ya kuanzia mita 30, lori mita 16, nafasi ya kurudi 30, na gari lako. Mita 80 za ziada, sekunde 14 na nusu hivi. Wewe umekwenda mita 320, anayekuja kwa 80 naye 320. Unahitaji mita 640 zilizo wazi kabla hujatoka, na watu...

CHANDE: Dakika moja.

ZUHURA: La tatu na la nne waacheni. La tano linahusu kutanua, na linahitaji kipindi chake.

CHANDE: Na honi ya hodi?

ZUHURA: Haimo kwenye karatasi.

CHANDE: (anakohoa kwa adabu kwenye maikrofoni)

ZUHURA: Zima hiyo.