Mabao ya Juzi Hayanunuliki

Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa, Jumapili alasiri

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Naona nyuso za vijana niliowasomesha hesabu, na naona wazee waliokuja kuhakikisha kwamba watoto wao hawafundishwi kamari. Hilo la kamari nitalijibu, wazee wangu, nipeni dakika chache.

Mchezo wenyewe wa fantasi, huu wa kwenye simu ambao unaunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuvuna pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, sitauelezea zaidi. Kila aliyekaa hapa ana kikosi chake cha wachezaji 15 na milioni zake 100 za kimchezo za kuwanunulia, na anajua klabu moja haitoi zaidi ya watatu. Nililokuja nalo ni moja, na wanaokaa nami barazani wamelisikia hadi limewachosha: mnanunua mabao yaliyokwisha kufungwa. Jumamosi mtu anafunga matatu. Jumapili mko mbioni kumleta. Katikati ya wiki bei yake inapanda. Jumamosi ya pili mnanijia, "Mwalimu, mbona amelala?" Hakulala! Pointi zile alizipata kabla hajawa wako.

Waulizeni wavuvi. Mvuvi hasemi mwamba fulani una samaki kwa sababu jana mwenzake alirudi na changu wa kujaza kapu. Atauliza: yalikuwa maji makuu au maji mafu? Ni kusi au kaskazi? Dema lilikaa usiku kucha au lilitumbukizwa na kuopolewa? Na hata akijibiwa hatahamisha madema yake yote kwa siku moja. Atatega moja, aone bamvua hili na lijalo. Mvuvi huyo hajui neno data, lakini anaifanya kila siku. Nyinyi mna simu zenye takwimu za kila shuti lililopigwa Uingereza, na bado mnafuata kapu la jirani.

Nitawapa kisa cha mpwa wangu. Ameniruhusu kukisimulia, na yupo hapa hapa. Kijana huyu anaujua mpira kunizidi. Akitazama mechi anakwambia kiungo gani amechoka kabla kocha hajaona. Msimu mmoja, katika ligi yetu ya watu 14, alimaliza wa tano. Akaja kwangu amenuna: "Mjomba, sina bahati." Nikamwambia alete simu, maana mchezo unahifadhi kila badiliko ulilofanya. Tukakaa baada ya isha, kahawa chungu kando, daftari la mistari katikati.

Kwanza tukahesabu mabadiliko ya kulipia, yale unayokatwa pointi 4 kwa kila moja. Yalikuwa 21. Zidisha. Pointi 84. Aliyeshika nafasi ya kwanza alimpita kwa pointi 61.

Akanijibu, na jibu lake lilikuwa zuri: "Lakini mjomba, hao niliowaleta si walinipa pointi?" Sawa kabisa. Hilo ndilo swali, na watu wengi hawafiki hapo, huishia kulaani zile 84. Tukachora safu mbili: aliyeingia na aliyetoka. Kwa kila badiliko tukaandika pointi za wote wawili kwa wiki nne zilizofuata. Kazi hiyo ilituchukua hadi usiku wa manane. Katika mabadiliko 21, mara 6 tu aliyeingia alimshinda aliyetoka kwa zaidi ya zile 4 zilizolipwa. Mara 4 alimshinda, lakini faida haikutosha kurudisha gharama. Mara 11 yule aliyefukuzwa hakupitwa kabisa, na mara nyingi alikuwa mbele. Mara kumi na moja, jamani! Mlango ungefungwa, asitoke mtu asiingie mtu, angemaliza juu zaidi.

Nikamuuliza sababu ya kila badiliko. Hakumbuki. Yale machache aliyoyakumbuka, sababu ilikuwa ile ile: "Alifunga wiki iliyopita." Sasa fikirini bao la mshambuliaji lina pointi ngapi. Nne. Ukilipa 4 kumleta mshambuliaji, umelipa bao zima kabla refa hajapuliza filimbi. Lazima afunge ndipo mrudi sifuri.

Kuna mtu atasema, na namwona ananyanyua mkono, kwamba anafukuza bei, ananunua kabla haijapanda. Haya. Umemnunua kwa 5.0, amepanda hadi 5.3. Ukimuuza unapewa 5.1, kwa sababu mchezo unachukua nusu ya faida, na nusu yako, 0.15, unaishusha hadi 0.1. Wiki nzima ya pilikapilika kwa sehemu moja ya kumi ya milioni. Mchuuzi wa soko la Kongowea hafanyi biashara hiyo.

Basi tutazame nini? Dakika, kabla ya chochote. Asiyecheza hana pointi, na anayecheza chini ya dakika 60 anapata 1 badala ya 2. Beki akitolewa dakika ya 59 na timu yake imalize bila kufungwa, zile pointi 4 za kutofungwa hazioni. Kocha anayebadilisha kikosi kila wiki amekuibia zaidi ya mshambuliaji anayepiga nje. Andikeni dakika za mechi 6 zilizopita kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Kisha nafasi za kufunga. Hapa ndipo penye kile kipimo kinachoitwa mabao yanayotarajiwa, na nataka tukielewe vizuri maana naona watu wanakitaja kama hirizi. Wanachukua maelfu ya mashuti ya zamani, wanaangalia lilipigwa wapi, kwa pembe gani, kwa mguu au kichwa, kisha wanauliza: mashuti ya aina hii huingia mara ngapi? Penalti huingia zaidi ya mara tatu kwa kila nne, kwa hiyo shuti lake lina thamani kubwa, inayokaribia 0.8. Shuti la mbali nje ya kumi na nane halifiki hata 0.1. Jumlisha mashuti yote ya mtu, utajua nafasi alizopata zilistahili mabao mangapi. Aliyefunga matatu kwa mashuti manne ya mbali amefanya jambo zuri, lakini usimjengee nyumba. Aliyekosa yote huku akipiga mashuti 12 ndani ya kumi na nane, nguzo mbili na kipa aliyekuwa na siku yake, huyo ndiye wa kumtega dema. Na kila mtu anamuuza wiki hiyo hiyo!

"Mwalimu, kuna wamaliziaji hodari wanaofunga kuliko kipimo." Wapo, ndiyo. Ni wachache, na hujulikana kwa misimu, si kwa wiki mbili. Wiki mbili hazikuonyeshi umahiri wa mtu. Mimi sisemi kitu kabla ya mechi 6, na nikipata 10 nalala vizuri. Kocha akifukuzwa, naanza kuhesabu upya.

Mfano mnaoujua: Cole Palmer, msimu wa 2023/24. Alihamia Chelsea siku ya mwisho ya usajili, na katika mchezo bei yake ilikuwa 5.0, bei ya mtu wa benchi. Oktoba akapiga penalti dhidi ya Burnley, akafunga. Tangu hapo ishara zilikuwa wazi kwa mwenye macho ya kusoma: anaanza kila wiki, anapiga penalti, ameorodheshwa kiungo kwa hiyo bao lake ni pointi 5 wala si 4, na ni rahisi. Alimaliza na mabao 22, tisa kati yake penalti, na pointi 244. Wengi wenu mlimleta lini? Msinifiche, nimeziona historia zenu. Baada ya kuwafunga Everton manne, Aprili. Aprili, ndugu zangu, msimu uko ukingoni! Salah msimu wa 2017/18 alikuwa vivyo hivyo: ameorodheshwa kiungo, anacheza kama mshambuliaji, bei ya kuanzia 9.0, na akafunga mabao 32. Wanaomkumbuka kwa jezi tu hawakumbuki kwamba nafasi aliyoandikiwa ndiyo iliyomfanya kuwa bidhaa ya bei nafuu.

Nilimuahidi mzee jibu. Kamari ni kuweka mali yako upate au ukose. Kujiunga na mchezo huu hakulipiwi. Lakini vijana wakichanga pesa barazani ili mshindi azoe zote, hilo ni jambo jingine, na kwenye ligi ninayoisimamia nimelikataa tangu mwanzo, hakuna mchango wa senti. Na yule anayezichukua hesabu hizi ninazozifundisha akaenda nazo kwenye vibanda vya kubashiri, simruhusu kulitaja jina langu. Nimeona karo zikiishia huko. Nasema kwa uchungu. Hesabu hizi zina manufaa kwa sababu una wiki 38 za kukosea bila kupoteza chochote ila majivuno. Kule unapoteza unga.

Na yule anayesema mpira ni bahati: ndiyo, wiki moja ni bahati. Ndiyo maana sikuulizi umepata ngapi wiki hii. Nakuuliza sababu uliyoiandika Ijumaa ilikuwa ipi.

Naona saa inanikimbiza. Nahodha: pointi zake huzidishwa mara mbili, na unamchagua mara 38. Ukiboresha chaguo hilo kwa pointi 2 tu kwa wiki, ni 76 kwa msimu. Mtu wa penalti, wa dakika 90, kwenye timu inayotengeneza nafasi nyingi. Mwaka Haaland alipofunga 36 katika mechi 35 palikuwa na watu wanatafuta nahodha wa kushangaza barazani. Jahazi hukabidhiwi kwa ajili ya kushangaza watu.

Zile rangi za kijani na nyekundu za ugumu wa mechi, msizitegemee peke yake. Angalieni mpinzani karuhusu nafasi za aina gani mechi 6 zilizopita. Pointi za mabeki wanaozuia na kuokoa mipira nilitaka tuzifanyie hesabu ubaoni, haitawezekana leo. Benchi pia tuiache. Saa ya mwisho ya kubadilisha kikosi hufika dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Uingereza husogeza saa zao Machi na Oktoba, sisi hatusogezi, kwa hiyo Jumamosi ambayo mechi ya kwanza ni saa sita u nusu mchana kwao, mlango wetu hufungwa saa saba, na wakati wa baridi yao hufungwa saa nane. Kila Oktoba yupo anayenipigia simu analia.

Mpwa wangu, simama basi uwasomee mstari wako wa kwanza wa msimu uliofuata. Hataki. Nitausoma mimi, nimeunakili: jina la mchezaji, dakika 540 kati ya 540, mashuti 17 ndani ya kumi na nane, mabao 1, penalti ni zake. Sababu: "Anafika golini kila wiki. Simuuzi kabla ya mechi nne hata nikichekwa." Alichekwa wiki mbili.

Nimeleta madaftari 30, yako kwenye meza ya mlangoni. Safu ya mwisho nimeiacha pana, ni ya sababu, na ijazwe kabla ya mechi, si baada. Muadhini ameshashika kipaza sauti, tuitikie.