Simu haichaji au inasuasua? Kabla hujaenda kwa fundi fanya hivi

Haya wadau, mambo vipi. Leo kamera nimeiegesha juu hapa inaangalia meza, na mezani nimemwaga nyaya zote za chaja zilizokuwa kwenye droo, zile ambazo kila nyumba inazo na hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Nataka nikuonyeshe unavyoweza kujua mwenyewe tatizo liko wapi simu ikigoma kuchaji au chaji ikipanda kwa kusuasua, maana watu wengi ikigoma tu wanakimbia kwa fundi, wanaambiwa sistimu chaji imekufa, hela inatoka, wanarudi nyumbani wanachomeka waya uleule na mambo ni yaleyale.

Vitu vya kuwa navyo: simu yako, kichwa cha chaja, nyaya zako zote, tochi (hata ya simu nyingine), kijiti cha meno cha mbao, wembe, selotepu ya karatasi na kalamu. Ukiwa na laptopu karibu safi, usipokuwa nayo tutaenda hivyohivyo.

Kwanza kabisa tuzitenganishe hizi nyaya kwa midomo. Cheki hapa, hii ni pini nene ya Nokia, milimita 3.5, enzi za Nokia 1100, na hii ni ile pini nyembamba ya milimita 2 iliyokuja baadaye. Hizi weka pembeni, ila usitupe kama kuna mzee nyumbani bado anayo simu yake ya zamani na hataki kusikia habari za kubadilisha. Na waliowahi kuchaji kwa kobe mnanielewa, unachomoa betri unaibana kwenye kobe, taa zinawaka rangi rangi, maisha yanaendelea, kobe alikuwa haulizi simu yako ina mdomo gani yeye anataka betri tu.

Huu hapa ni maikro. Upande mmoja mpana, upande wa pili mwembamba, na usiku gizani lazima uuchomeke kinyume kwanza. Nasogeza karibu na kamera, unaviona hivi vimeno viwili kwenye huu upande? Hivi ndo vinaushika waya usichomoke. Vikishalika ndo unaanza zile za kukunja waya, kuuegemezea kikombe, kuufunga na mpira wa hela mpaka upate ile angle inayochaji halafu mtu akipita akaigusa meza, kwisha habari. Ila maikro bado usizitupe, vitochi vingi, spika ndogo na pawabenki za zamani zinaitumia.

Huu mwingine ni Lightning, wa iPhone, ulianza 2012 na iPhone 5 ukafika mpaka iPhone 14, halafu 2023 iPhone 15 ikaja na Taipu C, ule mdomo wa mviringo unaoingia upande wowote. Kwa hiyo nyumba ina iPhone mbili na bado mnagombania chaja. Wazungu wa Umoja wa Ulaya ndo walilivalia njuga hili, walipitisha sheria 2022 kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya, tableti, kamera, spika za kubeba na vitu vya namna hiyo vikiuzwa kwao lazima viwe na C, laptopu wakazipa mpaka Aprili 2026. Na kampuni haiwezi kukaa inatengeneza simu moja ina midomo miwili, mmoja wa Ulaya mwingine wa kwetu, kwa hiyo na sisi tukanufaika humohumo.

Na hizi zote zilizobaki, unaona rundo hili, ni Taipu C. Hapa ndo penyewe sasa. Watu walisema shida ya chaja imeisha, mdomo mmoja kwa wote. Haijaisha bwana, imehamia ndani. Zamani waya ukiwa sio wako unauona kwa macho, hauingii. Saa hizi kila waya unaingia, simu inatoa kamlio kake, alama ya chaji inatokea, unalala, unaamka asubuhi asilimia 41. Hizi nyaya zinafanana nje ila ndani kila moja ina mambo yake, ndo maana inabidi tuzipime.

Haya, twende kwenye simu yenyewe. Zima simu, zima kabisa. Mulika kwenye tundu. Katikati unaona kaulimi kembamba, hako ndo kana njia zote za umeme na data, kakivunjika hapo kweli utakwenda kwa fundi, kwa hiyo usikaguse. Tunachotafuta ni huku mwisho kabisa, chini. Simu inakaa mfukoni au kwenye pochi, vumbi na nyuzi za nguo zinaingia, halafu kila ukichomeka waya unazishindilia, mpaka inakuwa kama kitambaa. Dalili yake ni kwamba mdomo wa waya hauzami wote, unabaki nje kidogo, na ukitingisha unachomoka wenyewe, unasema tundu limelegea kumbe limejaa.

Chukua kijiti cha meno, kichonge na wembe kiwe bapa, pitisha taratibu pembeni ya ulimi, ukutani, unavuta kuja nje. Taratibu! Cheki kinachotoka, eeh, unaona hiyo? Sio sindano, sio pini, sio kile kichuma cha kutolea laini, chuma na njia za umeme havipatani. Na usipulize kwa mdomo, unapeleka mate mle ndani. Kama simu inakuonyesha alama ya tone la maji, usilazimishe chaji, iache ikauke yenyewe sehemu yenye hewa, na habari za kuizika kwenye mchele waachie wapishi.

Chomeka tena. Wengi wenu video inaishia hapa, simu inachaji. Kama bado, twende.

Sasa kichwa cha chaja. Kigeuze usome haya maandishi madogo, wengi hatuyasomi maisha yetu yote. Tafuta palipoandikwa Output. Hiki kimeandikwa 5V 1A, yaani volti 5, ampea 1. Zidisha, tano mara moja, wati 5. Hiki kingine kina 5V 2A, hapo ni wati 10, halafu kina 9V 2A, wati 18, maana yake kinaweza kupandisha kama simu nayo inakubali. Simu nyingi za sasa betri yake ni 5,000 mAh, hiyo ni kama wati-saa 19 hivi, ukiijaza kwa kichwa cha wati 5 ni zaidi ya masaa manne hata ukiiacha imetulia, na we unaangalia video huku inachaji. Hapo hata ununue waya wa dhahabu haitasaidia, kichwa ndo kidogo.

Kitu kingine kabla sijasahau. Soketi zetu ni za matundu matatu na vichwa vingi vinakuja na miguu miwili, najua mnachofanya, mnachomeka kalamu au kijiti tundu la juu linafunguka mnaingiza. Lile tundu la juu ndo linafungua vifuniko vya yale mawili yenye umeme, yaani mnalazimisha mlango uliowekwa makusudi watoto wasiingize vidole. Na ikishaingia inakaa imelegea, inacheza, inapata moto, kichwa kinaungua mnalaumu umeme mdogo. Adapta ya miguu mitatu hata duka la mtaani wanauza, nunua.

Tuingie kwenye nyaya. Kanuni ni moja, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Simu ileile, kichwa kilekile, soketi ileile, unabadilisha waya tu. Ukibadilisha waya na kichwa kwa pamoja hutajua nani alikuwa mkorofi. Simu iwe na chaji kati ya asilimia 20 na 50, maana ikishafika 80 na kuendelea simu yenyewe inapunguza kasi kulinda betri, utaukosea waya adabu bure. Kuna programu inaitwa Ampere, ya Android, ishushe. Chomeka waya wa kwanza, subiri kama dakika moja namba itulie, punguza mwanga wa kioo, usichezee chochote, soma. Halafu wa pili, hivyohivyo.

Angalia, huu mfupi unanipa kama miliampea 1,600. Huu mrefu wa mita mbili, mzuri, umesukwa nje kama kamba ya viatu, unanipa 450. Kichwa kilekile jamani! Ndani ya huo msuko nyuzi za shaba ni nyembamba na chache, na waya ukiwa mwembamba halafu mrefu umeme unapotelea njiani kama joto, simu ikiona volti inayofika imeshuka inaacha kuvuta kwa nguvu. Kwa hiyo urembo wa nje usikudanganye. Mi mrefu nautumia kitandani usiku kucha nikiwa sina haraka, mfupi ndo wa kazi.

Hizo namba usizichukulie kama mizani ya dukani, zinacheza kutegemea simu, we linganisha waya kwa waya tu. Mwenye iPhone hana hiyo programu, afanye kizamani, aangalie asilimia, aache nusu saa, aangalie tena, arudie na waya mwingine siku chaji ikiwa palepale.

Ukiwa na laptopu, fanya na hii. Chomeka simu kwenye laptopu kwa kila waya. Simu ikiuliza habari za kuhamisha faili, waya una njia za data. Ikichaji tu kimya, ule waya ndani una njia mbili za umeme basi, za data hawajaweka, wamebana matumizi. Unaweza kusema mi sihamishi mafaili kinanihusu nini, kinakuhusu, kwa sababu baadhi ya chaja za haraka zinaongea na simu kupitia hizohizo njia za data, wakikubaliana ndo volti inapanda. Wasiposikilizana mnabaki kwenye volti 5. Ila na huu usiutupe, mabasi ya mikoani yana USB kwenye siti, huko ndo unafaa, unachaji bila kifaa cha watu kugusa mafaili yako.

Sasa hii nimeulizwa sana. Una kichwa kipya chenye tundu la C, una waya wa C kwa C, simu inachaji vizuri tu, halafu unachomeka tochi yako, au zile spika za masikioni za bluututhi, au mashine ya kunyolea, ina tundu la C kabisa, na haichaji! Unasema imekufa. Haijakufa. Tundu la C kwenye kichwa halitoi umeme mpaka lihisi kuna kifaa upande wa pili, na linahisi kwa virezista viwili, yaani vijipande vidogo vya kuzuia umeme, vya kilo-omu 5.1 vinavyotakiwa kuwemo ndani ya kifaa. Vitu vya bei rahisi watengenezaji wanaviacha, virezista vya senti! Basi kichwa kinasubiri, tochi inasubiri, hamna kinachoendelea. Dawa yake ni waya wa zamani, wenye ule mdomo mpana wa USB upande mmoja na C upande wa pili, uchomeke kwenye kichwa cha zamani, kile cha mdomo mpana kinatoa volti 5 hakiulizi maswali. Nachomeka hapa, ona taa nyekundu hiyo. Ndo maana nasema vichwa vya zamani msivigawe vyote.

Wenye laptopu ya C nanyi msikilize kidogo, waya wa C kwa C wa kawaida mwisho wake ni ampea 3, wati 60. Laptopu inayokula 100 inahitaji waya wa ampea 5 ambao ndani ya mdomo una kachipu ka kujitambulisha, bila hako kachipu kichwa hakitoi zaidi hata kiwe kikubwa vipi.

Haya, selotepu na kalamu. Kila waya uliopima, funga kaselotepu shingoni andika: HARAKA, POLEPOLE, DATA HAMNA, LAPTOPU. Wenye mpasuko shingoni mpaka nyuzi zinaonekana, au unaopata moto ukiushika, au mdomo umeanza kuwa mweusi, hiyo usiizungushie nailoni. Chukua mkasi ikate katikati, sababu usipoikata kuna mtu ataiokota kwenye dustbini aseme mbona hii nzima.

Ukienda kununua mpya, beba simu yako na kichwa chako. Pale Kariakoo mtaa wa Aggrey ukiuliza waya wa C unaletewa kuanzia wa buku mbili na kupanda, na wa buku mbili unaweza kukuta umeandikwa 120W kwa herufi kubwa, we hayo maandishi acha yapite. Chukua wa mita moja, usiwe mrefu kwa sababu tu bei ni ileile. Chomeka mdomo, uzame wote utoe katki, tingisha simu, chaji isikatike. Halafu mwambie muuzaji, kaka naomba niuchomeke hapo kwenye soketi yako dakika mbili, unafungua Ampere yako unasoma. Wengi hawana shida, soketi ipo mezani hapo. Akianza kukwambia waya ukishatoka kwenye pakiti ndo umenunua, mrudishie na pakiti yake, duka la pili lipo mlango unaofuata.