Walioachiwa Huru Walikwenda Wapi? Nawajibu Kutoka Nairobi

Habari zenu ndugu zangu wa Bagamoyo, Tanga, Unguja na popote mnaponitazama. Nipo Nairobi, kelele za matatu mtanivumilia. Tangu niweke ile video ya Freretown, kile kijiji cha watumwa walioachiwa huru pale Mombasa, swali kwenye komenti ni hilo hilo: "Dada, soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873. Mbona wale watu hawakurudi makwao?" Chini yake wengine wanaandika: "Umefika Kenya unajifanya msomi." Au: "Kila siku malalamiko, waliofanya hayo walishakufa." Sijaja kujionyesha, wala sijaja kulia. Mmeuliza, najibu.

Misafara na minyororo mlifundishwa shuleni, siingii huko. Mimi nataka tuangalie makaratasi.

Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kummiliki mtu kukabaki halali! Unguja na Pemba ilikuwa hivyo mpaka 1897. Na hata hapo, hakuna aliyebishiwa hodi akaambiwa toka, uko huru. Ilibidi mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba. Akishaupata huo uhuru, aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Makazi yapi? Shamba la mikarafuu la bwana, kibanda cha bwana. Fidia ilikuwepo, lakini alilipwa bwana. Masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na bwana, sheria hiyo haikuwagusa mpaka 1909. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907. Kwetu Tanganyika, Wajerumani walitawala wakaondoka bila kuufuta kabisa, sheria ikaja 1922 chini ya Mwingereza. 1922, jamani! Huyo ni bibi yake bibi yako, si mtu wa zama za manabii.

Mimi hapa nina pasipoti na mwajiri wa kuniandikia barua, lakini kuna ofisi moja mjini imenizungusha na kibali mpaka nimechoka. Nikienda, faili halionekani. Nikirudi, nalipia tena picha na nakala. Sifananishi shida yangu na yao, nisieleweke vibaya. Nasema tu, ukishasimama kwenye foleni unaombwa uthibitisho wa makazi, ile sheria ya 1897 unaisoma kwa macho mengine.

Sasa, kurudi makwao. Mtoto aliyechukuliwa huko Ziwa Nyasa akiwa mdogo, akabadilishwa jina, kijiji kilichomwa, arudi kwa nani? Ndiyo maana wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown miaka ya 1870, na wa Kikatoliki walikuwa na kijiji chao cha waliokombolewa pale kwetu Bagamoyo. Wengine walikuwa wamepelekwa hadi India, Nasik, wakasomeshwa, ndipo wakaletwa Mombasa.

Kisha ikaja ardhi, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa Pwani ya Kenya. Mwenye madai ayapeleke rasmi. Isiyothibitishwa ni ya serikali. Waliojua mahakama na maandishi wakapata hati. Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hiyo, na waliokuwa watumwa wakabaki kulima ardhi isiyo yao kwa karatasi. Mkisikia leo maskwota wa Kilifi na Malindi, msiseme ni uvivu wa watu wa pwani. Nimelisikia sana neno hilo hapa Nairobi, na limenichosha.

Wanaosema natafuta pesa: ile video nauli na bando nilitoa kwenye mshahara, na kodi ya nyumba ilinisubiri palepale. Lakini kilichoniuma si komenti. Shangazi yangu alinipigia akanifokea, eti nawaaibisha, watu watauliza ukoo wetu ulianzia wapi. Nampenda shangazi, ila sikubali. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Kwa nini aibebe mjukuu wa aliyeuzwa?

Mnaoniuliza muanzie wapi kutafuta asili zenu, siwezi kuwapangia. Mimi nilianza na wazee kabla ya maktaba, nikauliza majina ya mashamba badala ya kuuliza nani alikuwa mtumwa wa nani. Kwangu lilisaidia. Kwenu huenda likaleta ugomvi wa mirathi, maana mnazijua nyumba zenu wenyewe, mimi sizijui.