Faili za .BAS: Jina Moja, Matumbo Mbalimbali

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo Mashaka kaja na kesi.

MASHAKA: Kesi kweli, dada. Nimepewa programu ya zamani iliyoandikwa kwa GW-BASIC, ile lugha ya BASIC ya kompyuta za zamani za DOS, nikaisoma kwa TYPE, amri ya DOS ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili. Badala ya maandishi nikaona mioyo na nyuso zinazocheka!

ZUHURA: (anacheka) Ulitarajia nini?

MASHAKA: Jina linaishia .BAS! Nikajua QBasic, ile BASIC iliyofuata, itaifungua tu, si ni ndugu?

ZUHURA: Ndugu, ila kila mmoja na mwandiko wake. Ukiiambia GW-BASIC ihifadhi kwa SAVE peke yake, haiweki maneno uliyoandika. Kila neno la amri inaligeuza namba. PRINT inakuwa baiti moja tu, yaani namba moja ndani ya faili, 145. GOTO, 137. Disketi zilikuwa ndogo, na mkalimani, yaani sehemu inayosoma na kuendesha programu, naye alipunguziwa kazi: hakuwa na haja ya kusoma P-R-I-N-T herufi kwa herufi kila akipita kwenye mstari. Sasa QBasic, iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991, inataka maandishi matupu.

MASHAKA: Mimi nikaifungua kwenye kihariri cha maandishi, nikafuta kialama kimoja, nikahifadhi.

ZUHURA: Ukahifadhi? Mashaka! Sema una nakala.

MASHAKA: Ninayo, ninayo.

ZUHURA: Afadhali. Kihariri kikikuta baiti kisiyoijua kinaweza kuibadilisha kimyakimya, na hapo hakuna wa kukuokoa. Dawa ni kurudi GW-BASIC yenyewe, uandike SAVE "KAZI.BAS",A. Hiyo A ndiyo inayotoa maandishi. QuickBASIC 4.5, ndugu mwingine wa BASIC, nayo ina umbo lake la kufunguka haraka, QBasic haiwezi kulisoma. Ukihifadhi humo, chagua maandishi.

MASHAKA: Kisha QBasic inaikubali yote?

ZUHURA: Namba za mistari inazikubali bila shida. Itakayogoma ni amri kama MERGE, ya kuunganisha programu, hiyo haina kabisa.

MASHAKA: Sasa nitajuaje faili ni ya aina gani kabla sijaivuruga?

ZUHURA: Usiamini jina, angalia baiti ya kwanza. 255 ni GW-BASIC ya kawaida. 252 ni ile ya QuickBASIC. 254 ni GW-BASIC iliyofungwa na mwenyewe kwa SAVE yenye P: inaendeshwa, lakini ukiandika LIST ili uone mistari yake unaambiwa "Illegal function call".

MASHAKA: Subiri, ninayo hapa kwenye kompyuta... Dada.

ZUHURA: Usiniambie.

MASHAKA: 254.

ZUHURA: Pole. Basi ile A haitakusaidia, GW-BASIC itaikatalia vilevile. Chukua PC-BASIC, kiigizi chake cha kompyuta za leo. Hicho chenyewe kufuli la P hakilijali: fungua, hifadhi kwa A, umemaliza.

MASHAKA: Kwa hiyo kufuli lote lile...

ZUHURA: Ndiyo hivyo. Na fanyia kwenye nakala, tafadhali!